Kiraka kimeshonwa, nani anakipeleka? Mwongozo kamili wa kugawana kazi ya kusambaza viraka katika mradi wa programu huria

Kiraka chenyewe, yaani marekebisho ya msimbo wa programu ya kuziba kasoro, kilikuwa mistari minne. Taarifa ya kasoro ilitufikia Jumatatu asubuhi, mchana kiraka kikawa kimeshaingia tawi kuu (nakala ya msimbo inayopokea kazi mpya), na sisi saba tunaoitunza ile maktaba ndogo ya kusomea faili tukapongezana kwa emoji za dole gumba. Watumiaji walikipata siku 11 baadaye. Mwenzetu mmoja tu ndiye aliyekuwa na ufunguo wa kusaini matoleo, yaani faili la siri linalothibitisha kwamba toleo limetoka kwetu. Ufunguo ulikuwa kwenye laptopu, laptopu ilikuwa Dar, na mwenyewe alikuwa msibani kijijini, mahali ambapo simu inashika mtandao ukisimama juu ya kichuguu. Hakuna wa kumlaumu. Mtu akifiwa anakwenda. Tulijilaumu wenyewe kwa kupanga kazi kana kwamba hakuna atakayefiwa.

Mwongozo huu umetokana na yale tuliyobadilisha baada ya hapo, pamoja na tuliyojifunza kwa kuangalia wakubwa wanavyofanya, hasa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji) na Debian (mfumo wa uendeshaji uliojengwa juu yake). Ni wa miradi ya watu 3 hadi 20 hivi wanaojitolea, kila mmoja na ajira yake, mtoto wake na foleni yake ya daladala.

Kwanza mjue mnagawana nini

Watu wakisema "kazi ya viraka" huwaza kuandika msimbo. Hiyo ndiyo sehemu inayopendwa, na haijawahi kukosa mtu. Hesabuni hatua zote: kupokea taarifa, kupima uzito wake, kuandika kiraka, kukirudisha kwenye matoleo ya zamani yanayotumika bado, kukijaribu, kusaini na kutoa toleo, kutangaza. Ni hatua saba. Sisi tulikuwa watu saba, na hatua sita kati ya hizo zilikuwa za mtu mmoja.

Hata wakubwa yaliwakuta. Mwanzoni mwa 2002 viraka vingi vya kerneli vilikuwa bado vinamiminika kwenye baruapepe ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, na baadhi vilipotea bila jibu. Waandishi walivituma tena, na tena. Januari mwaka huo Rob Landley, mmoja wa wachangiaji, alipendekeza ateuliwe mtu wa kuokota viraka vidogo vinavyodondoka njiani. Torvalds hakulikubali wazo hilo. Msimamo wake ulikuwa kwamba yeye hufanya kazi na watu wachache anaowaamini, na mwenye kiraka amtafute mtunzaji wa eneo husika. Zana za kufuatilia mabadiliko ya msimbo zilikuja kuurahisisha mtindo huo, BitKeeper mwaka 2002 na Git mwaka 2005, lakini manaibu hao wa kuaminiwa walikuwapo kabla ya Git. Nalitaja hilo kwa sababu kila mradi ninaoufahamu uliolemewa ulianza kwa kutafuta zana mpya.

Hatua ya 1: Andikeni matoleo yaliyo hai, na siku ya kuyazika

Mzigo wa kusambaza unategemea idadi ya matawi mnayoyatunza. Kiraka kimoja kwenye matawi matano ni kazi tano, na la tano ndilo gumu kuliko yote kwa sababu msimbo wake umeshakuwa mbali na wa leo. Wekeni faili fupi kwenye ripo (hifadhi ya msimbo wa mradi), isomeke hivi:

    4.x   linatunzwa kikamilifu
    3.x   usalama tu, hadi 30 Juni
    2.x   limezikwa

Tarehe iwe tarehe. Mkiandika "kwa muda", kila atakayewaandikia akiwaomba msiliache toleo la 2 mtamwonea huruma, nanyi mtalibeba miaka. Debian hutunza toleo lake thabiti miaka 3, kisha timu nyingine inalichukua kwa miaka 2 zaidi. Angalia kwamba mzigo wa pili una wabebaji wake. Watunzaji wa kerneli nao mwaka 2023 walitangaza kurudisha muda wa kawaida wa matoleo ya muda mrefu kutoka miaka 6 hadi 2. Kama mradi wenye makampuni makubwa nyuma yake umesema umechoka, ninyi wa jioni na wikendi mna ruhusa ya kusema hivyo pia.

Hatua ya 2: Kiraka kipi kinastahili kwenda kwenye matoleo ya zamani

Bila sheria, kila kiraka ni mjadala, na mjadala unakula muda kuliko kazi yenyewe. Timu ya matoleo thabiti ya kerneli, iliyoanza Machi 2005 kwa toleo 2.6.11.1, ina sheria fupi ambazo mnaweza kuziazima karibu zilivyo. Kiraka kiwe kimeshaingia tawi kuu. Kiwe sahihi kwa kuonekana na kiwe kimejaribiwa. Kisizidi mistari 100 pamoja na mistari ya muktadha. Kitibu tatizo halisi linalowasumbua watu, si la "huenda ikatokea".

Sheria ya kwanza ndiyo inayookoa. Kiraka kikiwekwa kwenye toleo la 3 tu kwa sababu mtu ana haraka, toleo la 4 litatoka bila hicho, na kasoro iliyokwisha kutibiwa itarudi kwa watu walewale waliokuwa wamepona. Imetutokea. Kumwandikia mtumiaji kwamba tatizo lake la mwaka jana limefufuka ni aibu ambayo haina maneno mazuri.

Hatua ya 3: Gaweni maeneo, halafu zamu

Kuna vitu viwili hapa na watu huvichanganya. Eneo ni la kudumu: fulani anajua sehemu ya kusoma herufi, fulani anajua sehemu ya hifadhidata. Kerneli ina faili iitwayo MAINTAINERS inayotaja kila eneo, mtunzaji wake na njia za faili zinazomhusu, pamoja na skripti (programu fupi) ya kukuambia kiraka chako kinamhusu nani. GitHub na GitLab, tovuti za kuhifadhia miradi, zina faili ya CODEOWNERS inayofanya kazi kama hiyo. Andikeni majina mawili kwa kila eneo. Jina moja ni kichuguu kingine. Na msiandike "timu nzima", maana mbuzi wa wengi hulala na njaa.

Zamu ni ya muda. Kwa wiki moja mtu mmoja anakaa mlangoni: anasoma kila taarifa inayoingia, anajibu ndani ya siku mbili hata kama jibu ni "tumeiona", anaipima uzito, anaipeleka kwa mwenye eneo. Hatakiwi kuitibu yeye. Hili tulilisema mara kumi kabla halijaeleweka, kwa sababu mwandishi wa msimbo akiona kasoro mkono unawasha. Akianza kuitibu, mlango unabaki wazi na taarifa nyingine nne zinalala. Timu ya Debian inayotunza matoleo ya zamani ina zamu ya mlangoni ya wiki kwa wiki ya namna hii, na inawafaa.

Pangeni zamu za miezi mitatu kwa mkupuo mmoja, mkiwa na kalenda ya kila mtu mbele yenu. Ramadhani, Krismasi, mitihani ya chuo, mwisho wa mwaka wa fedha kwa wenye ajira za ofisini, vyote viingie. Anayetaka kubadilishana atafute wa kubadilishana naye mwenyewe, abadilishe jina kwenye faili, basi. Asiombe ruhusa kwa mtu, maana mkiweka mtoa ruhusa mtakuwa mmezaa bosi mwingine wa kumsubiri.

Hatua ya 4: Daftari la nani anashika nini

Debian wana faili za maandishi matupu kwenye ripo yao zinazoorodhesha vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) vinavyosubiri kutibiwa. Ukitaka kushika kifurushi unaandika jina lako kando yake na kukomiti, yaani kuhifadhi badiliko kwenye historia ya ripo. Ukikaa bila dalili ya kazi, jina lako linaondolewa ili mwingine ashike. Hakuna zana ya kulipia, hakuna ubao wenye rangi.

Sisi tuliiga, na tukaweka siku 7. Jambo la kuzingatia ni lugha ya kuondoa jina. Mwanzoni tuliandika "Amosi hajafanya, naondoa" na mtu akanuna mwezi mzima. Sasa skripti ndogo inaondoa yenyewe usiku wa Jumapili, na ujumbe wa komiti ni "imerudi mezani". Skripti haina ubaya na mtu.

Hatua ya 5: Kukirudisha kiraka nyuma

Hapa ndipo mikono inachafuka. Kiraka kipo tawi kuu kama komiti 8c41d7e na mnakitaka kwenye 3.x:

    git switch matoleo/3.x
    git cherry-pick -x -s 8c41d7e

Herufi x inaongeza mstari unaotaja komiti ya asili. Herufi s inaongeza mstari wa Signed-off-by, yaani wewe unatia jina lako kwamba una haki ya kuleta msimbo huu. Utaratibu huo uliingia kwenye kerneli mwaka 2004. Msiache x hata siku moja. Miezi sita baadaye mtu atauliza kama tundu fulani limezibwa kwenye 3.x, na mstari huo ndio utakaomjibu bila kukuamsha.

Mgongano ukitokea, yaani Git ikishindwa kuunganisha kiraka na msimbo wa zamani, na utatokea, kuna njia mbili za heshima. Ama mnaleta kwanza komiti iliyotangulia ambayo kiraka kinaitegemea, ama mnaandika upya sehemu iliyogongana na kueleza kwenye ujumbe wa komiti mlichobadilisha na kwa nini. Njia ya tatu, ya kufuta alama za mgongano mpaka Git inyamaze, nimeiona ikifanywa saa saba usiku na mtu mwenye akili zake timamu.

Kuona kilichobaki:

    git cherry -v matoleo/3.x main

Alama ya kutoa ina maana kiraka kimeshafika, ya kujumlisha bado. Lakini amri hii inalinganisha yaliyomo kwenye kiraka, kwa hiyo mliposuluhisha mgongano itaendelea kuonyesha kujumlisha. Usikimbilie kukirudisha mara ya pili. Tafuta kwanza namba ya komiti kwenye historia ya 3.x kwa git log --grep. Ndiyo kazi ya x.

Kwa mwenzenu mwenye bando dogo, git format-patch inatoa kiraka kama faili ya kilobaiti chache, naye anakibandika kwake kwa git am -3. Inapita hata WhatsApp, mradi itumwe kama faili. Ukiinakili kama ujumbe, nafasi na nyota zinavurugwa na kiraka hakishiki. Tuliwahi kutafuta kosa hilo jioni nzima.

Na kama kasoro iko kwenye msimbo mliouchukua kwa wengine, kiraka kiende kwa mradi mama kabla hakijawa mazoea yenu. Mwaka 2006 kifurushi cha OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) cha Debian kilitiwa kiraka cha nyumbani kilichoondoa mistari iliyoonekana kuleta onyo kwenye zana ya ukaguzi. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikichanganya unasibu, yaani namba zisizotabirika za kutengenezea funguo. Funguo zikabaki kutegemea namba ya mchakato tu (namba ambayo kompyuta huipa programu inayoendeshwa), yaani uwezekano 32,768 kwa kila aina ya ufunguo, idadi ambayo kompyuta ya mezani inaimaliza. Ilijulikana hadharani Mei 2008.

Hatua ya 6: Majaribio, na saa 48

Kabla toleo thabiti la kerneli halijatoka, orodha nzima ya viraka vyake hutumwa hadharani na watu hupewa kama siku mbili kujaribu na kupinga. Wanaojaribu hawahitaji kujua msimbo. Wanajenga, wanawasha, wanasema imewaka au haikuwaka. Mlango wa kumwingiza mgeni kwenye mradi ni huu, na miradi mingi inaufunga kwa kumpa mgeni kazi ya kusahihisha tahajia kwenye maelezo.

Andikeni nani ana mashine gani. Mwenye kompyuta kuukuu ya biti 32 ni hazina kwenu, mbembelezeni asiiuze. Mwenye Windows ya Kiarabu, ambako maandishi yanatoka kulia, alitukamatia kasoro ambayo sisi wengine tusingeiona mpaka kiyama. Na sheria isiyo na mjadala: aliyeandika kiraka si yeye anayekipitisha. Saa 48 zikiisha bila pingamizi na angalau watu wawili wamejaribu, kinaendelea. Msisubiri wote waseme ndiyo. Ukimya wa watu wanaojitolea mara nyingi maana yake wako kazini.

Hatua ya 7: Funguo

Haya mengine yote ni mapambo kama hamjagawana funguo. Kaeni chini muorodheshe kila kitu ambacho bila hicho toleo halitoki: ufunguo wa saini, akaunti ya PyPI au npm (hifadhi za umma watu wanakopakulia maktaba), jina la tovuti, seva ya kujengea, baruapepe inayopokea namba za kuthibitisha. Kando ya kila kimoja andikeni nani anaweza kukitumia leo usiku. Panapotokea jina moja, mmepata ufa.

Lengo ni watu watatu kwa kila kitu. Ufunguo wa saini usinakiliwe kwa kugawana faili moja. Kila mtu awe na wake, na orodha ya funguo zinazokubalika iwekwe hadharani. PyPI, tangu 2023, inaruhusu toleo litoke moja kwa moja kwenye seva ya kujengea kwa kibali cha muda mfupi, bila mtu yeyote kushika nenosiri, na ripo inaweza kupangwa ili mtu wa pili abonyeze kukubali kwanza. Kwa timu ndogo sijaona kinachofaa kuliko hicho.

Imani itolewe kwa ngazi. Debian, tangu 2007, wana daraja la watunzaji wanaoruhusiwa kupakia vifurushi vilivyotajwa tu, si hifadhi nzima. Wana pia utaratibu ninaoupenda zaidi: mtu asiye mtunzaji wa kifurushi anaweza kupakia marekebisho kwenye foleni ya kuchelewesha, tuseme siku 2, 5 au 10. Mtunzaji akirudi kabla ya siku hizo anaweza kuyasimamisha. Asiporudi, yanapita. Kwetu sisi wa kichuguu, siku 5 zingetosha.

Sasa upande wa pili, maana kuna watakaosoma hapa na kumpa ufunguo mtu wa juzi. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili, yamepandikizwa mlango wa siri. Aliyeyatoa alijiita Jia Tan, na alikuwa ameusaidia mradi kwa uvumilivu miaka zaidi ya miwili, huku akaunti nyingine zikimshinikiza mtunzaji mmoja aliyechoka agawane madaraka. Andres Freund aliuona kwa sababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Wapo waliosema funzo ni kutogawana. Mimi naona mtunzaji aliyebaki peke yake ndiye rahisi kushinikizwa. Kinachofaa kuigwa kama tahadhari ni kidogo na cha kiufundi: sehemu ya kuamsha ule mlango ilikuwa kwenye faili la toleo lililofungashwa, haikuwamo kwenye ripo ya Git. Kwa hiyo watu wawili, kwenye mashine mbili, wafungashe toleo kutoka komiti ileile na walinganishe kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili. Zikitofautiana, hakuna toleo mpaka ijulikane kwa nini.

Hatua ya 8: Viraka vya siri

Tundu la usalama lisilojulikana bado halipiti kwenye daftari la Hatua ya 4. Wekeni watu watatu tu wanaolipokea, na wekeni ukomo. Watunzaji wa distro za Linux (mifumo kama Debian) wanaopeana taarifa kwa siri wana kikomo cha siku 14, na siri isiyo na tarehe huvuja. Kiraka kirudishwe kwenye matawi yote kabla ya siku ya kutangaza, si baada. La sivyo mtakuwa mmewaonyesha wezi dirisha lililo wazi kwenye toleo la 3. Kisha mkae macho wiki inayofuata. Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, ilitoa 2.15.0 Desemba 2021 kuziba tundu lake maarufu, na ndani ya mwezi huohuo ikalazimika kutoa 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Kwa hiyo msimpangie mtu mmoja matoleo yote mawili ya mfululizo. Wa pili awe amelala.

Hatua ya 9: Tangazo

Aya tatu: nani ameathirika, afanye nini, asipoweza kusasisha leo ajikinge vipi. Aandike mtu ambaye hakuandika kiraka, kwa sababu aliyekiandika atataka kuelezea kwa nini kilikuwa kigumu. Tajeni majina ya walioripoti na waliojaribu, kama wameridhia.

Zoezi kabla ya ajali

Chagueni Jumamosi moja. Chukueni kiraka kisicho na madhara, hata marekebisho ya neno, mkipitishe hatua zote mpaka kimfikie mtumiaji. Masharti ni moja: yule ambaye siku zote hutoa matoleo haruhusiwi kugusa kitu wala kujibu ujumbe. Akae anywe chai.

Zoezi letu la kwanza lilianza saa tatu asubuhi. Kurudisha nyuma kulikwenda vizuri, majaribio yakapita, saini mpya zikakubalika, tukaanza kujisifu. Saa sita na robo tukafika kwenye akaunti ya kupakia toleo, ikaomba namba ya kuthibitisha, na namba ikatumwa kwenye simu ya yuleyule aliyekuwa anakunywa chai.